Al-Khwarizmi: Mwanachuoni wa hesabu za mirathi ambaye jina lake limo ndani ya kompyuta

 

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuyaeleza maisha ya mwanachuoni mmoja ambaye vijana wetu hulitamka jina lake kila siku bila kujua kuwa ni jina la mtu. Kabla ya kumfikia, hatuna budi kutaja jambo lililotufanya tumkumbuke.

Miezi michache iliyopita tulijiwa na familia moja iliyofiwa na baba. Madeni ya marehemu yalikwisha kulipwa, hakuacha wasia, na kilichobaki baada ya kuuzwa kiwanja chake kilikuwa Sh36 milioni. Kijana wao wa kiume, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, alikuja na karatasi safi iliyopangwa vizuri. Alikuwa ameiuliza programu moja ya akili mnemba iliyomo katika simu yake namna ya kugawa mirathi ya mtu aliyeacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Jawabu lilitoka kwa muda mfupi mno: mjane Sh4.5 milioni, ambayo ni thumuni. Kijana Sh21 milioni. Na dada yake Sh10.5 milioni. Tuliijumlisha hesabu ile na kuikuta haina kasoro.

Tukauliza swali moja tu: je, mama mzazi wa marehemu yu hai? Watu wote walinyamaza. Bibi yule alikuwa hai kijijini, na siku ya maziko ndiye aliyelia kuliko wote. Hakuna aliyemwandika, na programu haikumuulizia. Sheria inampa sudusi, yaani Sh6 milioni kamili, nayo karatasi ile nadhifu ilikuwa imempa sifuri.

Kijana alifadhaika sana. Hakuwa na nia ya kudhulumu. Aliamini tu kwamba jawabu lililopangwa vizuri ni jawabu lililokamilika. Siku hiyo alibaki nasi baada ya swala ya Alasiri, akatueleza mengi kuhusu vyombo vya kazi yake, nasi tukamweleza habari za Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi. Tumeona ni vyema tuzieleze na kwenu.

Khwarizm na Baghdad

Muhammad bin Musa alizaliwa takriban mwaka 780. Nisba yake ni ya nchi ya Khwarizm, iliyo kusini mwa Bahari ya Aral huko Asia ya Kati, ambayo leo imegawanyika baina ya Uzbekistan na Turkmenistan. Umri wake wa kazi aliutumia Baghdad, mji ulioasisiwa na Khalifa Al-Mansur mwaka 145 Hijria (762), na ambao katika muda usiofika miaka mia moja ulikuwa kituo kikuu cha elimu duniani.

Katika ukhalifa wa Al-Maamun, aliyetawala kuanzia mwaka 198 hadi 218 Hijria (813 hadi 833), palikuwa Baghdad na Baitul Hikma, yaani Nyumba ya Hekima. Wanazuoni wa zama zile walifasiri vitabu vya Wayunani, Wahindi na Waajemi, kisha wakavichambua, wakavisahihisha na kuviongezea. Ndimo alimofanya kazi Al-Khwarizmi, katika zama moja na mwanafalsafa Al-Kindi na ndugu watatu mashuhuri wa hesabu na ufundi walioitwa Banu Musa.

Yatupasa kuzingatia hapa, ndugu msomaji, kwamba watu wale hawakuona haya kuchukua elimu kutoka kwa asiyekuwa Mwislamu. Jedwali za nyota alizozitunga Al-Khwarizmi zilijengwa juu ya elimu ya Wahindi. Kitabu chake cha sura ya ardhi kilianzia katika kazi ya Ptolemy wa Alexandria, lakini hakukiiga kama kilivyo. Alitaja mahali zipatazo 2,400 kwa vipimo vya urefu na upana wa dunia, akaupunguza urefu wa Bahari ya Kati ambao Ptolemy aliuzidisha mno, na Bahari ya Hindi, hii hii inayopiga pwani yetu, hakuiona kuwa ziwa lililozungukwa na ardhi kama alivyodhani mtangulizi wake. Huo ndio mwenendo wa mwanachuoni: huchukua kwa shukrani, kisha hukagua.

Kitabu cha al-jabr

Kitabu kilichomtukuza kuliko vyote alikiandika takriban mwaka 820, kwa himizo la Khalifa Al-Maamun. Kilikuwa ni muhtasari wa hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kurudishia, kama mtu anavyounga mfupa uliovunjika. Katika hesabu maana yake ni kukiondoa kilichopungua upande mmoja kwa kukiongeza pande zote mbili. Al-muqabala ni kukabilisha, yaani kuviondoa vinavyofanana pande mbili hadi ibaki tofauti yake. Kutokana na neno al-jabr dunia nzima imepata jina la somo la aljebra.

Msomaji asidhani kwamba humo mna alama na herufi kama zilizomo katika vitabu vya sekondari vya watoto wetu. Kitabu kizima kimeandikwa kwa maneno matupu. Kile kisichojulikana alikiita shai, yaani kitu, au jidhri, yaani mzizi. Na mzizi ukizidishwa kwa nafsi yake aliuita mali, neno lile lile tulilo nalo katika Kiswahili. Akaonyesha kwamba maswali yote ya namna hiyo yanarudi katika mafungu sita tu, na kila fungu akaliwekea hatua zake za kulifungua.

Mfano wake mashuhuri ni huu: mali ikiongezwa mizizi kumi yake, jumla ikawa 39, mzizi ni ngapi? Hatua zake ni hizi. Igawe mizizi nusu, utapata 5. Izidishe kwa nafsi yake, utapata 25. Iongeze katika 39, utapata 64. Chukua kipeuo chake, nacho ni 8. Toa 5, itabaki 3, nayo ndiyo jawabu. Mwenye shaka na ajaribu: tatu mara tatu ni tisa, na mizizi kumi ya tatu ni thelathini, jumla 39.

Angalieni sifa za hatua hizo. Zina mwanzo na mwisho. Kila moja iko wazi, haimwachii mtu nafasi ya kubahatisha. Mkulima akizifuata na waziri akizifuata, wote watafika mahali pamoja. Hata chombo kisicho na akili, kikiweza kuzifuata, kitafika hapo hapo.

Wala hakutosheka na kuamrisha hatua. Baada ya kuzitaja alichora mraba ambao ubavu wake ndio mzizi unaotafutwa, akaubandika pande zake nne vipande vinne vyenye upana wa mbili na nusu. Kwa kuwa mraba na vipande hivyo jumla yake ni 39, pembe nne zilizobaki wazi, ambazo kwa pamoja ni 25, zikijazwa hupatikana mraba mkubwa wa 64. Ubavu wake ni 8; ukitoa mbili na nusu mara mbili, inabaki 3. Mwanafunzi huona kwa macho yake kwa nini jawabu ni lile. Hakumtaka amwamini mwalimu kwa sababu ya kilemba chake.

Karibu nusu ya kitabu ni haki za watu

Wengi wanaomsifu Al-Khwarizmi hukomea hapo. Sisi tunapenda kuendelea, kwa sababu karibu nusu ya kitabu kile inahusu wasia na mirathi. Katika utangulizi wake alieleza kwamba alikusudia kuwarahisishia watu hesabu wanazozihitaji katika mirathi, wasia, mgawanyo, mashauri, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Mafungu ya warithi yamekwisha kuwekwa katika Suratun-Nisaa. Kazi ya mwanachuoni wa hesabu ni kuhakikisha kwamba hakuna dirhamu inayopotea njiani baina ya hukumu na mkono wa mwenye haki.

Chukueni swali lake moja. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na watoto watatu wa kike, na ameusia mtu asiyekuwa mrithi apewe thumuni na subui ya mali yake, yaani moja ya nane na moja ya saba. Wengi wetu tungeshika vichwa. Yeye alikwenda taratibu. Wasia ni mafungu 15 katika 56, na haujavuka thuluthi, basi unapita. Yanayobaki 41 ni ya warithi. Mafungu ya warithi peke yao ni 20: mume 5, mwana wa kiume 6, na kila binti 3. Akapata mafungu 1,120 ya mali yote. Aliyeusiwa anachukua 300, mume 205, mwana 246, na kila binti 123. Jumlisheni, mtapata 1,120 bila kuzidi wala kupungua.

Lakini zingatieni, kabla ya kugusa tarakimu yoyote, swali linaanza kwa kuwataja walioachwa na marehemu, mmoja mmoja. Hesabu inakuja baadaye.

Ubao wa vumbi na karatasi

Kazi yake nyingine ilikuwa kuwafundisha watu hesabu ya Wahindi, yenye tarakimu tisa na alama ya mahali patupu, ambayo kwa Kiarabu ni sifri nasi tunaiita sifuri. Kwa alama hizo chache mtu anaweza kuandika idadi yoyote, kwa kuwa thamani ya tarakimu inategemea mahali iliposimama.

Hesabu hiyo hapo mwanzo ilifanywa juu ya ubao uliotandazwa vumbi. Mtu aliandika kwa kidole au kijiti, akafuta tarakimu ya kwanza na kuweka nyingine, hadi jawabu likabaki peke yake. Ubaya wake ni kwamba hatua zote zilifutika, na aliyekosea hakuweza kurudi nyuma kuona alipokosea. Zaidi ya miaka mia moja baada ya Al-Khwarizmi, mwaka 341 Hijria (952), mwanahesabu Al-Uqlidisi wa Damascus aliandika kitabu akionyesha namna ya kuifanya hesabu ile ile kwa wino na karatasi, ili hatua zibaki na ziweze kukaguliwa.

Kijana wetu aliposikia habari hii alitabasamu. Alitueleza kuwa chombo anachoandikia programu siku hizi humkamilishia mstari kabla hajaumaliza. Yupo na mkaguzi, ambaye ni programu nyingine, anayeikataa kazi yake ikiwa amekosea nukta moja. Na ipo daftari inayotunza kila badiliko ili aweze kurudi nyuma. Akakiri kwamba daftari ile ndiyo karatasi ya Al-Uqlidisi, na kwamba siku hizi jawabu la haraka la akili mnemba linamrudisha kwenye ubao wa vumbi: anapata jawabu, lakini hatua hazioni.

Jina linavuka bahari

Al-Khwarizmi alifariki takriban mwaka 850. Vitabu vyake vilisafiri hadi Andalusia, na katika karne ya 12 vikafasiriwa kwa Kilatini. Robert wa Chester alikifasiri kitabu cha al-jabr huko Segovia mwaka 1145, na Gerard wa Cremona alikifasiri Toledo. Kitabu cha tarakimu za Kihindi, ambacho asili yake ya Kiarabu imepotea, kilisalia kwa Kilatini, na humo jina la mwandishi likawa Algorizmi, kisha Algoritmi. Baadaye watu wa Ulaya waliiita hesabu yenyewe kwa jina la mtu huyo, na katika zama zetu kila mpangilio wa hatua unaofuatwa na kompyuta unaitwa algorithimu.

Wala tarakimu hizo hazikupokewa kwa furaha na kila mtu. Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuzitumia katika daftari zao. Leo hakuna benki duniani isiyozitumia. Chombo kipya huogopwa, kisha huzoeleka. Na hatari kubwa zaidi huja pale kinapozoeleka hadi hakiulizwi tena.

Mwaka 1979 wataalamu wa kompyuta, akiwemo Donald Knuth wa Marekani, walikutana Urgench, katika ardhi ya Khwarizm, kujadili algorithimu mahali lilipotoka jina lake. Mwaka 1983 Umoja wa Kisovyeti ulitoa stempu yenye sura yake kuadhimisha miaka 1,200 ya kuzaliwa kwake.

Mashine inayojifunza

Hapa ndipo tunapofikia swali la kijana wetu. Je, mashine inayojifunza ni mtoto wa Al-Khwarizmi, au ni kitu kingine?

Jawabu letu ni kwamba ni vyote viwili. Katika programu ya kawaida mwanadamu anaijua kanuni, anaiandika hatua kwa hatua, na kompyuta inaifuata. Katika mashine inayojifunza mwanadamu haandiki kanuni ya jambo lenyewe. Anaipa mashine mifano mingi pamoja na majawabu yake. Mashine inaanza kwa kukisia, inapima imekosea kwa kiasi gani, kisha inazisogeza kidogo kidogo idadi zilizomo ndani yake ili kosa lipungue; na inarudia hivyo mara nyingi mno. Katika programu kubwa za lugha idadi hizo zinafika mabilioni. Hatua za kusogeza ni algorithimu halisi, nazo ni wajukuu wa al-jabr, kwani ni kutafuta visivyojulikana kutokana na vinavyojulikana. Lakini kinachopatikana mwishoni si kanuni iliyothibitishwa. Ni mazoea yaliyotokana na mifano.

Katika hilo mashine inamfuata zaidi Al-Kindi, jirani wa Al-Khwarizmi pale Baghdad, ambaye alifundisha namna ya kufichua maandishi ya siri kwa kuhesabu ni herufi zipi hutokea mara nyingi katika lugha. Naye alitumia kinachoelekea kutokea. Njia hiyo ina manufaa makubwa, na hatuwakatazi vijana wetu kuitumia wala kuisomea. Lakini kinachoelekea kuwa kweli si sawa na kilichothibiti, na haki ya mtu haigawiwi kwa kinachoelekea.

Tena ipo kasoro ambayo haikuwa ya mashine. Hata programu iliyoandikwa kwa kanuni sahihi kabisa ingemnyima bibi yule haki yake, kama aliyeiuliza hakumtaja na aliyeiandika hakuiwekea hatua ya kumuulizia. Mwenye kuuliza ana amana, na mwenye kuandika programu ana amana. Hatujui kama tutaweza kuieleza Siku ya Kiyama kwamba chombo ndicho kilichosahau.

Tuliifanya upya hesabu ile kwa kalamu na karatasi, kijana mwenyewe akiandika. Mafungu 72: mjane 9, mama wa marehemu 12, mwana wa kiume 34, binti 17. Kwa fedha, mjane Sh4.5 milioni, bibi Sh6 milioni, kijana Sh17 milioni, dada yake Sh8.5 milioni. Kijana alipungukiwa Sh4 milioni kwa mkono wake mwenyewe, na hatukumwona akikunja uso. Juma lililofuata alikwenda kijijini na kumkabidhi bibi yake haki yake mbele ya mashahidi. Kisha akaanza kuandika programu ndogo ya mirathi, isiyojifunza chochote, ambayo haitoi tarakimu hata moja kabla ya kuuliza juu ya deni, wasia, na kila mrithi kwa zamu yake, ikianza na wazazi.

Ndugu wazazi, wanaposema watoto wenu kwamba wanasomea kompyuta, msidhani wameiacha elimu ya waliotangulia. Waambieni habari za mtu huyu wa Khwarizm. Waambieni kwamba alitaka hesabu iwe nyepesi ili mjane, yatima na mzazi mkongwe wapate chao, na kwamba kila jawabu alilolitoa aliliwekea hatua ambazo mwingine anaweza kuzikagua. Na nyumbani, kabla hamjamkabidhi mtu au mashine jambo la haki, kaeni kwanza mhesabu nani yu hai.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Muhammad bin Musa na wanazuoni wote waliotuachia elimu yenye manufaa, awajaalie vijana wetu wawe watu wa elimu na amana, na atuepushe na dhulma tunayoijua na ile tusiyoijua. Amin.

Wabillahi tawfiq.